Kitanda kipi cha tiba kwa kliniki mpya ya fiziotherapia: cha fundi, cha haidroli, cha umeme au cha kukunja?

Anayefungua kliniki ya fiziotherapia katika mji kama Tanga, Dodoma au Mwanza hukabiliwa na manunuzi mengi kwa wakati mmoja, na mara nyingi kitanda cha tiba huamuliwa kwa haraka kwa kuwa kinaonekana ni samani tu: miguu minne, ubao, sponji na kitambaa. Lakini hicho ndicho kifaa kitakachotumiwa na karibu kila mgonjwa atakayeingia, na ndicho kitakachoamua mtaalamu asimame vipi kwa saa saba au nane kila siku, mwaka hata mwaka. Mashine ya kutuliza maumivu inaweza kukaa kabatini wiki nzima na kliniki ikaendelea na kazi. Kitanda kibaya humwumiza mtu kila siku, ama mgonjwa anayeshindwa kukipanda, ama mtaalamu anayekiinamia.

Ulinganisho huu unamlenga mtu mwenye kliniki ndogo ya vyumba viwili au vitatu, inayopokea wagonjwa wa kawaida wa huduma za utengamao nchini Tanzania: wenye maumivu ya mgongo na shingo, waliovunjika mifupa katika ajali za bodaboda, waliopata kiharusi, na watoto wenye utindio wa ubongo. Vitanda vya kujifungulia na vya uchunguzi wa wanawake nimeviacha kwa kuwa vina masharti yake tofauti kabisa. Maoni yangu, ambayo nitayaeleza kwa kirefu, ni kwamba fedha za mwanzo zielekezwe kwenye kitanda kimoja kizuri kinachopanda na kushuka, na vingine vyote vitengenezwe na fundi wa hapa hapa kwa vipimo vilivyofikiriwa vizuri. Kununua vitanda vitatu vya aina moja ili chumba kipendeze ni matumizi mabaya ya mtaji, hata kama vyote vitatu ni vya bei kubwa.

Kimo kabla ya yote

Kitanda cha kimo kimoja hulazimika kumfaa kila mtu, na haiwezekani. Kwa kazi ya nguvu, yaani kukandamiza mgongo, kukunja goti lililokakamaa au kumgeuza mgonjwa mzito, uso wa kitanda unapaswa kuwa karibu na usawa wa ngumi za mtaalamu aliyesimama wima huku mikono ikining'inia. Kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 155 usawa huo uko karibu na sentimita 68 kutoka sakafuni, na kwa mtu wa sentimita 180 uko karibu na sentimita 78. Kazi ya upole, kama vile kushughulikia vidole vya mkono uliotoka kwenye plasta, huhitaji kitanda kiinuke zaidi kuelekea usawa wa kiwiko, hata kufikia sentimita 95, ili mtaalamu asikunje shingo kwa nusu saa nzima.

Mgonjwa naye ana hesabu yake. Ili aketi ukingoni mwa kitanda huku nyayo zote mbili zikikanyaga sakafu, kitanda kinatakiwa kiwe kati ya sentimita 43 na 50, kutegemea urefu wa miguu yake. Kiti cha kiti mwendo nacho kiko katika usawa huo huo, kwa hiyo kumhamisha mtu kutoka kitini kwenda kitandani huwa ni kumtelezesha pembeni, jambo ambalo mtaalamu mmoja na ndugu mmoja wa mgonjwa wanaweza kulifanya bila kuumia. Kitanda kikiwa cha sentimita 75, mtu huyo huyo lazima anyanyuliwe, na anayenyanyua ni yule yule ambaye kazi yake ni kutibu migongo ya watu.

Kati ya sentimita 45 na 95 kuna nusu mita, na nusu mita hiyo ndiyo inayotenganisha kitanda cha bei nafuu na cha bei kubwa. Wapo wanaosema kigoda cha kupandia kinatosha. Kwa kijana mwenye maumivu ya bega kinatosha, lakini kwa mzee ambaye upande wake mmoja umepooza, kigoda ni mahali pa kuanguka, na kliniki inayotegemea kigoda itajikuta inawahudumia wagonjwa wa kiharusi wakiwa wameketi kwenye viti, bila kuwalaza kabisa.

Kitanda cha fundi

Kitanda kilichotengenezwa na seremala au na fundi wa kuchomelea kina sifa ambazo hazipaswi kudharauliwa. Bei ya kitanda kimoja kipya cha umeme kinachotoka nje huweza kulipia vitanda kadhaa vya namna hii, kikivunjika hutengenezwa siku hiyo hiyo, hakijui umeme umekatika, na vipimo vyake ni vile unavyovitaka mwenyewe. Kasoro zake nyingi hutokana na mteja kumwachia fundi aamue, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Kwa mbao, mninga na mkongo hudumu na havishambuliwi kirahisi na mchwa, lakini paini iliyotiwa dawa inafaa pia ikiwa mihimili ya chini ni minene na viungo vimefungwa kwa bolti na nati. Msisitizo uwe kwenye bolti, kwa sababu wagonjwa karibu wote hupandia na kushukia upande mmoja, na baada ya miezi kadhaa viungo vya upande huo huanza kulegea. Bolti hukazwa tena kwa spana, msumari hauwezi. Kwa chuma, paipu za mraba za milimita 40 zenye kuta za milimita 2 hivi hutosha kabisa, mradi kuwe na mihimili ya mshazari inayozuia kitanda kuyumba kwa ubavu, kwa kuwa mtaalamu anaposukuma goti la mgonjwa, nguvu yake huenda pembeni zaidi kuliko kwenda chini. Katika miji ya pwani kutu ndiyo adui mkubwa. Chuma kisafishwe, kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na ncha za miguu zizibwe kwa vifuniko vya mpira, kwa maana maji ya kupigia deki huingia ndani ya paipu iliyo wazi na kuila kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayepaona.

Kuna nyongeza ndogo ambayo wengi hawaiombi, nayo ni miguu ya paipu ndani ya paipu, yenye matundu na pini, ili kimo kiweze kubadilishwa kati ya sentimita 60 na 80. Kitanda cha namna hiyo hakiwezi kupandishwa mgonjwa akiwa juu yake, na hakishuki hadi usawa wa kiti mwendo, lakini kinampa kila mtaalamu nafasi ya kukipanga asubuhi kwa kimo chake mwenyewe. Kliniki yenye wataalamu wawili wa urefu tofauti wanaofanya kazi kwa zamu itaona faida yake katika wiki ya kwanza.

Sponji ndiyo sehemu inayodanganya zaidi, kwa sababu sponji mpya zote huonekana nzuri. Ubora wake hupimwa kwa uzito wa mita moja ya ujazo: magodoro mepesi ya bei rahisi huwa na kilo 16 hadi 20 kwa mita ya ujazo, ilhali kitanda cha tiba kinahitaji kilo 32 au zaidi, la sivyo mgonjwa atafika kwenye ubao ndani ya mwaka mmoja. Muuzaji anaweza kukwambia neno lolote, lakini mzani wa dukani hausemi uongo. Sponji ya urefu wa sentimita 190, upana wa 65 na unene wa 5 ina ujazo wa mita 0.06 hivi, ikiwa kweli ni ya kilo 32, itakuwa na uzito wa karibu kilo 2. Ukiipima ukakuta kilo 1, umepewa ya godoro jepesi, na unayo haki ya kuirudisha kabla haijafunikwa. Unene nao una mpaka wake: sponji ya sentimita 10 hupendeza kukalia, lakini hummeza mgonjwa unapokandamiza uti wa mgongo, na nguvu yako huishia kwenye sponji. Sentimita 5 za sponji nzito zinatosha.

Tundu la uso lisisahaulike. Mgonjwa anayelala kifudifudi kwenye kitanda kisicho na tundu hulazimika kugeuza shingo upande mmoja kwa muda wote wa tiba, na ikiwa alikuja kwa ajili ya shingo, unamwongezea tatizo lile lile alilokuja nalo. Tundu la umbo la yai, lenye kingo zilizofunikwa kwa sponji na kizibo chake cha kurudishia, ni kazi ndogo kwa seremala akiambiwa mapema, na ni kazi kubwa akiambiwa kitanda kikiwa kimekwisha funikwa.

Kitambaa cha juu huwa reksini, na swali la kwanza linahusu usafi. Miongozo ya kuzuia maambukizi hutumia maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa sehemu zilizoguswa na damu au majimaji ya mwili, na kwa Jik ya asilimia 3.5 hiyo ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji. Klorini ya kiwango hicho hukausha reksini nyembamba, ikapasuka kwenye mikunjo, na reksini iliyopasuka haiwezi kusafishwa tena hata uimwagie nini. Njia ya kujikinga ni kununua kipande kidogo kwanza, kukifuta kwa dawa hiyo kila siku kwa wiki mbili, kukikunja, na kuona kama kinavunjika. Katika matumizi ya kila siku, sabuni na maji kati ya mgonjwa na mgonjwa hutosha pale ambapo hakuna damu wala majimaji ya mwili, na kila panapotumika klorini, uso ufutwe tena kwa maji safi. Mwambie fundi pia kwamba juu pasiwe na mshono wala kifungo cha mapambo, na pini zote za kushikilia kitambaa ziwe chini ya ubao, kwa kuwa jasho na uchafu hujificha kwenye mshono.

Haidroli na umeme, ubavu kwa ubavu

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu, kwa sababu vitanda vyote viwili hufanya kazi ile ile ya kupanda na kushuka mgonjwa akiwa juu yake, na tofauti yao huonekana baada ya miaka miwili au mitatu.

Kitanda cha haidroli hupandishwa kwa kukanyaga pedali inayosukuma mafuta ndani ya silinda, kanuni ile ile ya jeki ya gari. Kwa sababu hiyo, hata katika mji mdogo kuna gereji yenye mtu anayeweza kufungua pampu, kubadilisha sili za mpira na kuongeza mafuta, mradi sili za kipimo hicho zipatikane. Hakihitaji soketi, na kinaweza kuwekwa katikati ya chumba bila waya kupita sakafuni. Udhaifu wake ni juhudi. Kumpandisha mgonjwa wa kilo 90 kwa mguu, kukanyaga baada ya kukanyaga, huchosha, na mtaalamu aliyechoka mwishoni mwa siku huacha kupandisha, akainama. Udhaifu wa pili ni kuzama: sili zikichakaa au vumbi likiingia, kitanda hushuka polepole chenyewe, kwanza kwa milimita ambazo hakuna anayezihisi, kisha kwa namna inayomtia mgonjwa hofu. Anayenunua aulize kama pedali iko pande zote mbili, kwa kuwa pedali ya upande mmoja hukulazimisha kuzunguka kitanda kila mara, na mazoea ya kuzunguka hufa haraka.

Kitanda cha umeme huinuliwa na mota inayozungusha parafujo ndefu ndani ya mkono wa chuma. Kwa kubonyeza swichi tu, kitanda hutoka chini hadi juu katika muda wa nusu dakika hivi, mgonjwa mzito au mwepesi, na kwa hiyo mtaalamu hukitumia kweli. Hii ndiyo hoja yake kuu, na kwangu ina uzito kuliko anasa yoyote inayotangazwa. Umeme kinaoutumia ni mdogo kwa kuwa mota hufanya kazi kwa sekunde chache tu, hivyo gharama ya LUKU isiwe sababu ya kukikataa. Umeme ukikatika, kitanda hakianguki, kwa sababu parafujo hujishikilia yenyewe. Tatizo ni kwamba hubaki pale pale kilipo, na ikiwa mgonjwa wa kiharusi yuko juu kwa sentimita 90, itabidi umshushe kwa mikono. Betri yenye inveta ndogo huliondoa tatizo hilo, na ichukuliwe kuwa sehemu ya bei ya kitanda tangu mwanzo.

Kinachoviua vitanda vya umeme katika miji yetu zaidi ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, au unaoshuka na kupanda mchana kutwa. Kisanduku cha udhibiti, ambamo mna saketi zinazoamuru mota, huungua kabla ya mota yenyewe, na hakiwezi kutengenezwa na fundi redio wa mtaani. Stabilaiza na soketi yenye waya wa ethi uliopimwa kweli ni lazima. Jambo jingine lisiloandikwa kwa herufi kubwa ni kwamba mota nyingi za vitanda hivi zimetengenezwa kwa kazi ya dakika 2 na mapumziko ya dakika 18. Kwa tiba hiyo inatosha kabisa, lakini watoto wakiachiwa swichi wachezee, au muuzaji akionyesha ubora kwa kupandisha na kushusha mara kumi mfululizo, mota hupata joto na kuzima, au huungua.

Kuna suala la usalama ambalo halizungumzwi vya kutosha huku kwetu. Ujerumani, ambako vitanda vya tiba vya umeme vimetumika kwa miaka mingi, kulitokea ajali za watu kubanwa kati ya fremu inayoshuka na msingi wa kitanda, wengine wakafa, na mwaka 2004 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia dawa na vifaa tiba, BfArM, ilitoa mapendekezo ya kudhibiti hatari hiyo, yakiwemo ya kuweka kifaa cha kufunga umeme wa kitanda ili kisiweze kusogezwa na mtu asiyehusika. Swichi ya kukanyaga inayozunguka kitanda chote humrahisishia mtaalamu kazi, lakini pia hukanyagwa bila kukusudia na mfanya usafi aliyeinama chini ya kitanda, au na mtoto aliyeletwa na mama yake. Kwa hiyo dai kitanda chenye ufunguo au kitufe cha kufunga, funga kila unapotoka chumbani, na chomoa waya kwenye soketi kabla ya mtu yeyote kusafisha chini yake. Nikishindwa kupata kitanda cha umeme chenye kufuli, ningechukua cha haidroli bila kusita.

Nyaraka nazo zisomwe. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme ni IEC 60601-1, na muuzaji wa kweli huweza kuonyesha kwamba kitanda chake kimepimwa kwa kiwango hicho. Cheti cha ISO 13485 ambacho huoneshwa zaidi kinahusu mfumo wa ubora wa kiwanda. Ni kizuri, lakini hakithibitishi kwamba kitanda hicho mahususi ni salama. Vifaa tiba vinavyoingizwa Tanzania husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na anayetaka kuagiza mwenyewe kutoka nje aanze na ofisi za mamlaka hiyo kabla ya kutuma fedha, asije akakwama bandarini na mzigo uliokwisha lipiwa.

Kati ya viwili hivi, mimi huangalia mambo matatu kwa mpangilio huu. La kwanza ni kama mtaalamu atakuwa peke yake chumbani na wagonjwa wengi ni wazito au wamepooza. Hapo umeme una nguvu hata kama bei inauma. La pili ni kama kuna mtu katika umbali wa siku moja anayeweza kuleta kisanduku cha udhibiti na kukifunga. Taasisi kama DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, hufundisha mafundi wa vifaa tiba, na kumfahamu mmoja wao kwa simu kabla ya kununua ni bora kuliko waranti ya karatasi ya kampuni iliyo ng'ambo. La tatu ni hali ya umeme wa jengo lenyewe. Mambo ya pili na ya tatu yakiwa mabaya, cha haidroli ndicho kitakachokuwa bado kinafanya kazi mwaka wa tano.

Kuhusu idadi ya vipande vya uso wa kitanda, viwili vinatosha kwa kliniki nyingi: kimoja kirefu, na kimoja cha kichwani kinachoinuka ili mgonjwa aegemee na kushuka kidogo akilala kifudifudi. Vipande vitatu humfaa anayeshughulikia sana uti wa mgongo. Zaidi ya hapo kila kipande huongeza bawaba, mwanya wa uchafu na kitu cha kuharibika. Uzito unaoandikwa, mara nyingi kilo 200 au zaidi, usomwe kwa makini, kwa sababu uzito ambao kitanda kinaweza kuubeba kikiwa kimesimama si lazima uwe ndio ambao mota inaweza kuuinua; na hakuna kipande cha kichwani kilichotengenezwa ili mtu mzima akikalie, ingawa wagonjwa hupenda kuketi hapo.

Cha kukunja

Kitanda cha kukunja cha alumini au mbao huwa na uzito wa kilo 13 hadi 20, huingia kwenye buti la gari, na kwa anayewafuata wagonjwa nyumbani hakina mpinzani. Ndani ya kliniki hakifai kuwa kitanda kikuu. Huyumba ukikisukuma kwa ubavu, waya zake hulegea, na kimo chake hupangwa mguu mmoja mmoja kikiwa kitupu. Kinunuliwe na yule ambaye tayari ana wagonjwa wa nyumbani, na si kama njia ya kuokoa fedha.

Kipana na cha chini

Aina hii ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayonishangaza kwa thamani yake. Kwa mgonjwa wa kiharusi anayejifunza upya kujigeuza, kuketi na kusimama, kitanda chembamba cha sentimita 65 ni cha kutisha. Hawezi kujigeuza bila kuogopa kuanguka, na mwili wenye hofu hukakamaa. Kwa kazi hiyo wataalamu hutumia kitanda cha upana wa sentimita 100 hadi 120 na urefu wa mita 2, ambacho mtaalamu hupanda na kuketi pamoja na mgonjwa, akimshika kwa nyuma au kwa pembeni. Vile vya umeme vya upana huo ni ghali sana na ni vizito kupindukia.

Lakini fikiria kazi yenyewe inafanyika wapi: karibu yote inafanyika chini, mgonjwa akikanyaga sakafu. Maana yake ni kwamba kimo kimoja, ambacho kwenye kitanda chembamba ni kasoro, hapa kinaweza kuwa sahihi kabisa. Seremala anaweza kutengeneza jukwaa imara la mbao lenye kimo cha sentimita 45, sponji ikiwa imehesabiwa humo, lenye plaiwudi nene na mihimili ya kutosha kubeba watu wawili wazima, kwa sehemu ndogo sana ya bei ya kile cha umeme. Kama wagonjwa wengi ni warefu, liwe la sentimita 48. Chini pabaki wazi sentimita 15 hivi pembezoni, ili nyayo za mgonjwa ziweze kurudi nyuma ya magoti anapojiandaa kusimama. Jukwaa lililozibwa hadi sakafuni humnyima mgonjwa nafasi hiyo, na bila hiyo hakuna anayesimama, mzima wala mgonjwa. Jukwaa hilo hilo huwafaa watoto wenye utindio wa ubongo pamoja na mama zao, ambao hukaa humo humo wakifundishwa namna ya kumshika mtoto. Kwa watoto wadogo zaidi, godoro gumu la sakafuni lililofunikwa kwa reksini ni salama kuliko kitanda chochote.

Upana una faida nyingine ambayo katika miji ya pwani, na kwingine pia, ina maana kubwa: mgonjwa mwanamke anaweza kufunikwa vizuri kwa shuka au kanga inayokaa bila kuteleza, na ndugu aliyemsindikiza akaketi karibu naye.

Mtumba kutoka nje

Vitanda vilivyotumika huja kutoka Ulaya na Marekani kwa msaada au kwa kuuzwa, na vingine ni imara kuliko vipya vya bei rahisi. Cha Ulaya hutumia umeme wa volti 230 na hezi 50 kama wetu, kwa hiyo kinaweza kuchomekwa baada ya kukaguliwa. Cha Marekani kimetengenezwa kwa volti 120, na kukichomeka moja kwa moja ni kukichoma. Kwa mtumba wa haidroli, angalia mafuta chini ya silinda. Kwa wa umeme, tafuta jina la mota na namba yake kwenye kibandiko, uulize kama bado inatengenezwa, kabla hujaulizia bei.

Mgao wa fedha na ukaguzi wa mwisho

Kwa kliniki ya vyumba vitatu yenye mtaji wa kawaida, ningenunua kitanda kimoja cha vipande viwili kinachopanda na kushuka, cha umeme au haidroli kwa vigezo nilivyovieleza. Ningetengenezesha jukwaa moja pana la sentimita 45. Na chumba cha tatu ningekiwekea kitanda cha fundi chenye miguu ya pini. Wagonjwa wasioweza kupanda wapangwe kwenye viwili vya kwanza, wanaojiweza wapelekwe cha tatu. Kitanda cha pili cha kupanda na kushuka kisubiri hadi daftari la miadi lioneshe kwamba watu wanangojea kile cha kwanza wakati vingine viko tupu.

Kabla ya kulipa, pima mlango. Kitanda cha umeme huwa na uzito unaofika kilo 100 au kupita, na kama kliniki iko ghorofani bila lifti, gharama ya kukipandisha na hatari yake zijulikane mapema. Kila kitanda kiachiwe nafasi ya sentimita 90 pande tatu, na upande wa kiti mwendo kupita uwe na zaidi, kama sentimita 120.

Siku ya kupokea mzigo, asilimia fulani ya malipo ibaki mkononi mwako, na makubaliano hayo yaandikwe. Mtu mzito alale juu, kitanda kipandishwe hadi mwisho na kushushwa, na usikilize kama mlio wake unabadilika katikati. Kisukume kwa ubavu kikiwa juu kabisa, kwa kuwa hapo ndipo kulegea kunapojitokeza. Kwa cha haidroli, kiache jioni kikiwa juu na mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 katikati yake, pima kimo kwa futi ya fundi, andika, kisha pima tena asubuhi. Kikiwa kimeshuka kwa zaidi ya milimita chache, kirudishwe kiwandani au dukani siku hiyo hiyo, kabla mgonjwa yeyote hajakilalia.